Mkasi Ulikuwa Mkononi mwa Nani? Paul Robeson na Filamu Zake



Naomba nianze na umati. Katika filamu ya Sanders of the River, iliyotoka mwaka 1935, kuna machifu wa Kiafrika waliokusanyika kumsikiliza mtawala wao Mwingereza. Mmoja wao ni Jomo Kenyatta. Alikuwa Uingereza akidai ardhi ya Wakikuyu, na mfukoni hakuwa na kitu. Basi yeye, pamoja na mabaharia na wachukuzi weusi wa bandarini, alilipwa ili asimame katika kijiji cha Kiafrika kilichojengwa na maseremala wa studio ya Shepperton, nje ya London. Miaka 28 baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa Kenya. Na mbele ya umati huo, kifua wazi, sauti ikitoka kama ngoma kuu, yupo mtu ninayetaka kumzungumzia jioni hii: Paul Robeson.

Alizaliwa tarehe 9 Aprili 1898, Princeton, katika jimbo la New Jersey. Baba yake alizaliwa mtumwa North Carolina, akatoroka akiwa kijana wa miaka 15, akasoma hadi akawa mchungaji. Mama yake, mwalimu, alikufa kwa kuungua moto nyumbani wakati Paul hajatimiza miaka sita. Alipoingia chuo cha Rutgers mwaka 1915 alikuwa mwanafunzi mweusi wa tatu tu katika historia ya chuo hicho. Siku ya kwanza ya mazoezi ya mpira wa Kimarekani, wachezaji wenzake walimpiga hadi wakamvunja pua, wakitumaini hatarudi. Alirudi. Akawa miongoni mwa wachezaji bora wa nchi nzima, na mwaka 1919 ndiye aliyechaguliwa kuhutubia kwa niaba ya wahitimu. Kisha akasomea sheria Columbia, akahitimu mwaka 1923. Uwakili aliuacha mapema, baada ya karani mmoja Mzungu kukataa kuandika maneno yatokayo kinywani mwa mtu mweusi.

Jukwaani alipata nafasi ambayo ofisi ilimnyima. Huko hakuna wa kukukata: ukishafungua kinywa, neno limeshawafikia watu. Filamu si hivyo. Mwigizaji wa filamu hutoa uso, mwili na sauti, kisha huenda nyumbani. Mtu mwingine, katika chumba chenye giza, hushika mkasi na kuamua uso ule ulikuwa ukisema nini. Naamini maisha yote ya Robeson katika sinema yalikuwa kugombania mkasi huo.

Aliuonja ukali wake tangu filamu ya kwanza, Body and Soul, ya mwaka 1925. Mwongozaji alikuwa Oscar Micheaux, Mmarekani mweusi aliyetengeneza filamu zake kwa fedha za kuungaunga. Robeson alicheza watu wawili: mhubiri tapeli na ndugu yake mwema. Wakaguzi wa filamu wa New York walimlazimisha Micheaux aikate vibaya kabla ya kuruhusiwa kuionyesha. Tena ilikuwa filamu bubu. Mwenye sauti iliyokuja kujaza kumbi za dunia aliingia kwenye sinema bila kusikika.

Sasa tufike mahali panapotugusa sisi wenye lugha hii. Mwaka 1934, akiishi London na mkewe Eslanda, Robeson alikuwa akisoma lugha za Kiafrika katika Shule ya Taaluma za Mashariki, na Kiswahili kilikuwemo. Alikuwa tayari mtu maarufu. Alishacheza Othello katika Ukumbi wa Savoy mwaka 1930. Hakuwa na haja ya cheti. Aliandika wakati ule kwamba katika lugha hizi alisikia mahadhi ya usemi wa watu weusi aliokulia kati yao, na kwamba kuzisoma kulikuwa kama kurudi kwao. Mimi hufundisha Kiswahili, na kila nikifikiri juu ya mtu huyo mkubwa wa umbo, ameinama juu ya ngeli zetu katika baridi ya London, moyo hunijaa.

Ndipo akaja Zoltan Korda, mwongozaji wa Sanders of the River, na picha na rekodi alizonasa Afrika: mito, ngoma, mitumbwi, nyimbo. Robeson alizisikiliza rekodi zile akaamini kwamba hatimaye ulimwengu utaiona Afrika yenye heshima. Akakubali kumwigiza Bosambo. Filamu ilipokamilika, ilifunguliwa kwa maandishi yanayowatukuza Wazungu wachache wanaowatawala na kuwalinda Waafrika mamilioni. Bosambo amekuwa mfungwa mtoro anayepewa uchifu na Bwana Sanders, na kumwimbia sifa kwa shukrani. Ngoma zile zile alizozipenda zilikuwa pambo la dola. Marcus Garvey alimshambulia katika gazeti lake, na hakuwa peke yake. Robeson baadaye aliikana filamu hiyo hadharani.

Wanafunzi wangu huniuliza: hakusoma hadithi kabla ya kutia saini?  Hadithi ilitokana na visa vya mwandishi Edgar Wallace, na mwelekeo wa Wallace haukuwa siri. Simtetei katika hilo. Alidhani ukubwa wake mwenyewe ungeushinda udogo wa hadithi, na katika sinema jambo hilo ni gumu mno.

Alijifunza. Kwa Song of Freedom ya mwaka 1936 alidai, akapewa, haki ya kuidhinisha filamu baada ya kuhaririwa. Ni haki ambayo hata leo waigizaji wengi hawaipati. Humo ni kuli wa bandari ya London anayegundua kwamba ana asili ya kifalme. Nusu ya kwanza inapendeza: familia nyeusi, kazi, majirani, upendo wa kawaida kabisa. Lakini akifika Afrika anakuta watu wa ushirikina wanaosubiri kuokolewa. Mkasi aliupata, kalamu ilikuwa bado kwingine. Mwaka uliofuata alikuwa Umbopa katika King Solomon's Mines. Wazee waliomo ukumbini wanamjua Umbopa huyo, maana walimsoma shuleni katika Mashimo ya Mfalme Sulemani.

Filamu iliyomridhisha ni The Proud Valley, ya mwaka 1940. Yumo kati ya wachimba makaa wa Wales, mmoja wao, akila nao na kuimba nao, na mwishoni anakufa ili wao waokoke. Naona hata hapo mtu mweusi ndiye anayetolewa kafara, na jambo hilo linaniuma. Hata hivyo uso wake katika filamu hiyo umetulia, na katika zile nyingine siuoni utulivu huo. Mwaka 1942, baada ya Tales of Manhattan kuwaonyesha watu weusi kama wajinga wa kuombaomba Mungu fedha, alitangaza kwamba Hollywood basi. Alikuwa na miaka 44. Hakuigiza tena filamu ya hadithi.

Yaliyofuata nayapitia haraka kwa sababu yanajulikana zaidi. Mwaka 1943 Othello yake ilifika Broadway, ikachezwa mara 296. Akiongoza Baraza la Masuala ya Afrika alidai uhuru wa makoloni. Mwaka 1950 serikali ya Marekani ilimnyang'anya pasipoti, na mahakamani mawakili wa serikali walitaja miongoni mwa sababu kwamba amekuwa akipigania mno uhuru wa watu wa Afrika. Alikataa pia kumkosoa Stalin hadharani hata mauaji ya utawala wake yalipojulikana. Ni doa, na anayempenda Robeson anapaswa kulitaja. Kumbi zilimfungia milango. Mapato yake yaliporomoka. Hata jina lake liliondolewa katika orodha ya wachezaji bora wa mpira wa mwaka 1918.

Wachimba makaa wa Wales hawakumsahau. Mwezi Oktoba 1957, yeye akiwa studioni New York na wao wakiwa ukumbini Porthcawl, waliunganishwa kwa waya wa simu uliopita chini ya Bahari ya Atlantiki. Akawaimbia. Maelfu ya watu walikaa wakisikiliza jukwaa lisilo na mtu, na alipomaliza wakamwimbia wao, naye akasikiliza. Mwaka uliofuata alirudishiwa pasipoti, akaenda Wales mwenyewe.