Sauti iliyosubiri miaka 35

Wapenzi wasikilizaji, wiki hii nilikwenda Dakawa kwa shughuli ya mpunga, nikarudi na habari ya mwimbaji. Mtaniwia radhi, mpunga utasubiri.

Jioni moja nilikaa kwenye benchi nje ya kanisa nikingoja gari la kurudi Morogoro mjini. Ndani kwaya ilikuwa mazoezini. Mwalimu alisimamisha wimbo mara tatu kwa ajili ya binti mmoja. "Mwanangu," alimwambia, "sauti ya kwanza huifikii, ya pili unawameza wenzako. Nikuweke wapi?" Wenzake wakacheka. Binti hakucheka.

Msikilizaji, sauti ya namna hiyo ina jina. Wataliano waliiita mezosoprano, yaani soprano ya katikati. Katika opera, ule mchezo wa kuigiza ambao watu huimba badala ya kusema, soprano ndiye bibi harusi. Mezosoprano hupewa umama, uchawi, au kuwa yule mwanamke anayemwonea wivu bibi harusi. Carmen wa Bizet ni mmoja wa wachache walionusurika.

Nilimkumbuka Sibongile Khumalo wa Afrika Kusini, na Dakawa ni mahali pa kumkumbukia. Mwaka 1982 serikali yetu ilikipa chama cha ANC ardhi hapa, kwa kuwa wakimbizi walikuwa wamezidi kule Mazimbu, kwenye shule ya Solomon Mahlangu. Wakajenga nyumba na karakana, wakafuma na kuchapa vitambaa. Wenyeji wenye umri wanakumbuka pia nyimbo zao, maana Waafrika Kusini walikuwa hawafanyi mkutano, msiba wala sherehe bila kuimba kwa sauti nne.

Sibongile hakuwa miongoni mwa waliokuja huku. Alizaliwa Soweto tarehe 24 Septemba 1957, na huko akakulia. Baba yake, Khabi Mngoma, alikuwa mwalimu wa muziki na kiongozi wa kwaya, na mwaka 1975 akaanzisha idara ya muziki katika Chuo Kikuu cha Zululand. Mama yake alikuwa muuguzi. Binti alianza kujifunza fidla akiwa na miaka minane, na baba akamfundisha kuimba nyimbo za akina Brahms bila kumnyima za Kizulu. Alipokuwa na miaka kama 14 hivi alimpeleka kumsikiliza Binti Mfalme Magogo, bibi wa ukoo wa kifalme wa Wazulu, aliyekuwa mtunzi na mpigaji wa ugubhu. Ugubhu ni upinde mrefu wenye uzi mmoja na kibuyu. Hausuguliwi kama zeze la Wagogo, hugongwa kwa kijiti. Baba alimwambia ipo siku atashukuru kupelekwa pale. Mtoto wa mjini wa miaka 14, nadhani mnaijua sura aliyoionyesha!

Sasa tazama. Sibongile alisoma muziki chuo kikuu, sauti ilikuwa tayari, mwalimu alikuwa naye nyumbani. Lakini majumba makubwa ya opera nchini mwake yalijengwa kwa ajili ya Wazungu. Lile la Cape Town lilifunguliwa mwaka 1971, na kwa miaka minne ya kwanza mtu mweusi hakuruhusiwa hata kununua tiketi akakaa kusikiliza, sembuse kupanda jukwaani. Basi akafundisha. Alifundisha Zululand, akafundisha kwenye vituo vya sanaa vya Johannesburg na Soweto, akaolewa na mwigizaji Siphiwe Khumalo, akalea watoto. Miaka ambayo mwimbaji wa Ulaya huitumia kujijengea jina, yeye aliitumia kuwajenga wengine. Mimi siiti hiyo subira. Naiita wizi, ingawa wapo watakaosema nakuza mambo.

Mlango ulifunguka serikali ya makaburu ilipoanza kulegea. Mwaka 1992 alifanya onyesho lake Johannesburg akichanganya opera, jazi na nyimbo za kwao, na mwaka 1993, akiwa na miaka 35, akapewa tuzo ya msanii kijana inayotolewa kwenye tamasha la Grahamstown. Kijana wa miaka 35! Na Grahamstown, ambao tangu mwaka 2018 unaitwa Makhanda, ndio mji ambao wafumaji waliorejea kutoka hapa kwetu walianzisha karakana yao mapema miaka ya 1990, wakaiita Dakawa.

Mwaka 1994 aliimba Mandela alipoapishwa. Juni 1995, kwenye fainali ya Kombe la Dunia la raga, Ellis Park, aliimba nyimbo zote mbili za taifa zilizotumika wakati ule: ule wa makaburu na ule wa Enoch Sontonga wa mwaka 1897, ambao mahadhi yake ndiyo ya wimbo wetu wa taifa. Mtanzania aliyekuwa mbele ya televisheni siku ile hakuhitaji mkalimani.

Utabiri wa baba ulitimia mwaka 2002. Mzilikazi Khumalo alitunga opera kwa Kizulu juu ya maisha ya Binti Mfalme Magogo, na aliyeimba nafasi hiyo ni Sibongile. Safari hii sauti ya katikati haikupewa mchawi wala mama mkwe. Ilipewa mwenye hadithi. Mwaka 2004 opera hiyo iliimbwa kwenye tamasha la Ravinia, karibu na Chicago. Mzee Mngoma hakuiona, alikuwa amefariki mwaka 1999.

Sibongile alifariki tarehe 28 Januari 2021, baada ya kuugua kiharusi, akiwa na miaka 63.

Gari lilipofika, mwalimu wa Dakawa alikuwa bado hajaamua. Nilimchungulia dirishani nikamwambia, "Mwalimu, mpe aimbe peke yake ubeti mmoja." Akanitazama kama mtu aliyeingilia ya watu, na kweli niliingilia. Kisha dereva akapiga honi.

Wiki ijayo, panapo majaliwa, ni zamu ya mpunga.