Kukadiria Vigae vya Lami: Eneo la Paa na Mistari Yake



Makadirio mengi ya vigae huharibika mapema. Mwenye nyumba huulizwa ukubwa wa nyumba yake, urefu unazidishwa kwa upana, oda inaandikwa. Kuta haziezekwi. Tunachoezeka ni uso ulioinama, unaotokeza nje ya kuta, na bei ya vigae vya lami haituruhusu kubahatisha.

Tuchukue nyumba ya mita 12 kwa 9, yaani mita za mraba 108. Paa likitokeza sentimita 60 kila upande, vipimo vinakuwa 13.2 kwa 10.2, na eneo la chini ya paa ni mita za mraba 134.6. Bado hatujahesabu mwinamo. Kenchi zikiwa zimeshasimama, shika pimamaji ya mita moja, ncha yake moja iguse boriti ya juu, tone litulie katikati. Kwenye ncha ya pili teremsha futi kamba wima hadi kwenye boriti hiyohiyo. Ukisoma sentimita 58, mwinamo wako ni nyuzi 30 hivi. Zidisha 0.58 kwa yenyewe, ongeza 1, tafuta kipeuo cha pili: unapata 1.156. Hicho ndicho kizidisho, na paa letu ni mita za mraba 155.6. Aliyepima sakafu amepungukiwa na mita za mraba 47 na zaidi.

Hapa kuna jambo ambalo mafundi wengi hulibishia. Paa la pande mbili na paa la pande nne, yakiwa na vipimo hivyo na mwinamo uleule kila upande, yana eneo sawasawa. Jua la utosini likiwaka, kila mita ya mraba ya kivuli hubeba kiasi kilekile cha uso ulioinama, uelekee kusini au mashariki. Kwa hiyo anayesema paa la pande nne "linakula vigae" kwa sababu ni kubwa zaidi anakosea sababu. Linakula kwa mikato na kwa mistari.

Tazameni mistari hiyo. Kwenye paa la pande mbili, kofia ya mgongo ni mita 13.2 tu, na ukingo wa chini unaohitaji vigae vya kuanzia ni mita 26.4. Kwenye la pande nne, mgongo wa juu unabaki mita 3, lakini migongo minne inayopanda kutoka kwenye kona ina karibu mita 7.8 kila mmoja. Jumla ya kofia inafika mita 34, na ukingo wa chini mita 46.8. Hakuna hesabu ya eneo itakayokuonyesha haya. Lazima uyapime peke yake na kuyaandika peke yake kwenye oda.

Marekani, ambako vigae hivi vimezoeleka, huhesabiwa kwa futi 100 za mraba, takribani mita za mraba 9.3, na kwa aina nyingi pakiti tatu hutosha eneo hilo. Pakiti moja basi hufunika mita za mraba 3.1. Ongeza asilimia 10 ya mikato kwa paa la pande mbili: pakiti 56. Kwa la pande nne, au lenye mabonde, mimi huweka asilimia 15: pakiti 58. Kofia na vigae vya kuanzia havimo humo.

Someni maandishi ya pakiti, kwani aina nzito hufunika eneo dogo zaidi. Kigae chenye urefu wa mita moja na upana wa sentimita 33 hivi huonekana sentimita 14 tu kikishapigwa. Kilichobaki kimelaliwa na mstari wa juu yake. Fundi aliyepungukiwa hushawishika kuvivuta vionekane sentimita 17 ili vitoshe. Huko ni kumwuzia mtu paa litakalovuja, na jambo hilo nalikemea kwa nguvu zangu zote.

Vigae hivi havipigwi kwenye papi zilizoachana. Vinataka mbao zilizoshikana au plaiwudi. Shiti ya mita 1.22 kwa 2.44 ina karibu mita za mraba 2.98, kwa hiyo paa letu linaanza na shiti 53 kabla ya mikato. Agizeni vigae vyote kwa pamoja, mkikagua namba ya toleo kwenye kila pakiti, kwa sababu rangi hutofautiana kidogo kati ya toleo moja na jingine.