Hewa Katika Udongo wa Vyombo: Mada kwa Semina ya Wakuza Miche, Kamenu, Thika



1. Utangulizi

Nimeombwa nizungumzie uchaguzi na utengenezaji wa udongo wa kupandia vyomboni. Muda ni mfupi, hivyo mnayoyajua nitayapita mbio. Maoni haya ni yangu na hayafungi ofisi yoyote.

2. Maana ya maneno

Udongo wa chombo ni mchanganyiko unaoshika mmea na kuupa maji, chakula na hewa ndani ya chungu, ndoo, gunia au pakiti ya miche. Samadi ni mbolea ya boma. Mboji ni masalia ya mimea na samadi yaliyooza yakaiva. Mchanga mnaujua. Udongo wa msitu mnaujua pia, na mnajua kuwa chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 hauchotwi bila kibali, hata anayeuleta akiapa kwamba ni wa shambani kwao.

3. Maji yanayokataa kutoka

Hapa ndipo penye shida. Mteja ananunua mche wa parachichi au ua la kibarazani, baada ya muda majani yanageuka manjano, naye anarudi kulalamika. Ushauri anaopewa karibu kila mara ni mmoja: ongeza mbolea. Mmea uking'olewa, mizizi imekuwa ya kahawia, laini, yenye harufu ya tope. Haukufa njaa, ulikosa pumzi.

Udongo wa shambani hauwi udongo wa chungu kwa kubebwa na wilbaro. Shambani maji huvutwa na udongo ulio chini, mita kwa mita. Chunguni safari inaishia sentimita 20, na sehemu ya chini hubaki imejaa maji hata matundu yakiwa wazi. Chukua sponji ya kuoshea vyombo, iloweshe, ilaze kiganjani hadi iache kudondosha, kisha isimamishe wima: itatoa maji tena. Ndiyo maana trei fupi ya miche huathirika kuliko ndoo ndefu yenye udongo uleule.

Kisha kuna kokoto za chini ya chungu. Nimezipinga katika kila kikao nilichoalikwa, na nikitoka nje nazikuta zimepangwa. Maji hayahami kutoka udongo laini kuingia kwenye kokoto hadi udongo ulio juu yake ushibe kabisa. Mwanasayansi wa udongo Walter Gardner alilionyesha hilo kwa filamu huko Marekani mwaka wa 1959. Kokoto, basi, huinua tope na kulisogeza karibu na mizizi.

La tatu ni ile kanuni ya 3:2:1: udongo tatu, samadi mbili, mchanga moja. Udongo upi? Kutoka hapa kwenda magharibi, kuelekea Gatanga, tunapata udongo mwekundu wa mashamba ya kahawa. Ukishuka kuelekea Juja au Ol Donyo Sabuk unaukuta ule mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Vijitabu vinavyogawiwa wakulima havitofautishi. Sehemu moja ya mchanga laini ndani ya udongo mweusi hupotea, kwa sababu chembe za mfinyanzi hujaza nafasi zote kati ya punje. Wanaonijibu kwamba hata Waingereza hutumia vipimo wana haki. Mchanganyiko wa John Innes, uliobuniwa na William Lawrence na John Newell miaka ya 1930, ulikuwa 7:3:2, udongo, piti na mchanga. Lakini udongo wao ulichaguliwa, ukaunguzwa kwa mvuke kuua vimelea, na mchanga wao ulikuwa wa chembe kubwa. Sisi tulichukua tabia ya vipimo tukaacha masharti yake.

Kuna njia ya kujua bila maabara. Toboa gorogoro chini, ziba matundu kwa selotepu, jaza maji hadi ukingoni, yapime. Mwaga. Sasa tia mchanganyiko wako wenye unyevu kidogo, ugonge taratibu, ongeza maji polepole mpaka yang'ae juu, uache usiku kucha, kisha uongeze yaliyopungua. Zibua juu ya beseni na upime yaliyotoka. Gorogoro ikichukua lita 2 na yakatoka mililita 100, hewa ni asilimia 5, na mche wako unazama. Usiuze chini ya asilimia 10. Asilimia 15 hadi 20 ni salama.

4. Mapendekezo

(a) Wakuza miche wafanye jaribio la gorogoro kwa kila shehena mpya ya udongo.

(b) Udongo mweusi usitumike vyomboni kabisa.

(c) Kwa udongo mwekundu, anzeni na sehemu sawa: udongo, mboji iliyoiva, na kitu chenye chembe za milimita 3 hadi 10. Thika ina viwanda vya makadamia. Maganda yake yaliyopondwa ni magumu na huoza polepole. Pumisi ya Naivasha inafaa pia, mfuko ukiruhusu.

(d) Unga wa mawe usichukue nafasi ya chembe hizo kubwa. Ni laini mno.

(e) Maganda ya kahawa yaozeshwe kwanza kwa miezi kadhaa. Mbolea ya kuku vivyo hivyo. Ikiwa mbichi huunguza mizizi.

(f) Kokopiti isuuzwe kuondoa chumvi kabla ya kutumika.

(g) Penye kinyausi au minyoo fundo, udongo uloweshwe, ufunikwe kwa plastiki angavu na kuachwa juani wiki 4 hadi 6, katika miezi ya jua kali. Julai hapa haisaidii.

(h) Kokoto zisiwekwe chini ya vyungu.

(i) Ofisi husika ziangalie uwezekano wa kupitia upya vijitabu vyenye kanuni ya 3:2:1, kwa wakati utakaofaa. Binafsi ningesema kabla ya mvua za masika.

(j) Mteja akilalamika kuhusu majani ya manjano, mmea utolewe chunguni mizizi itazamwe kabla ya kuuziwa mbolea.

(k) Kokoto, kama ilivyoelezwa katika (h). Mwenyekiti, ukumbi huu una vyungu vinne mlangoni, na naomba vikaguliwe wakati wa chai.