Joto Chini ya Bati: Dari Yafanya Kazi Gani?

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, Namawala

Natumaini mmekwisha kaa, na kila mmoja ana daftari na kalamu yake. Somo la leo ni la ujenzi na hesabu pamoja. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno haya manne: BATI, DARI, HEWA, UPENU. Wanafunzi, yasomeni pamoja naye.

Vizuri. Zamani nyumba nyingi za bonde letu la Kilombero ziliezekwa kwa nyasi. Nyasi zina taabu zake: huvuja, huoza, tena hushika moto upesi. Kwa hiyo mtu akivuna mpunga vizuri hununua bati, na hafanyi vibaya. Lakini saa 8 mchana, siku za jua kali kabla ya mvua, akiingia chumbani huona kama ameingia tanurini. Mbona nyasi hazikumtendea hivyo?

Jibu ni hewa. Kati ya unyasi na unyasi kuna hewa iliyotulia, na hewa iliyotulia haipitishi joto upesi. Bati ni chuma chembamba. Jua likilipiga upande wa juu, upande wa chini nao hupata moto mara moja, ukawatupia joto ninyi mlio chini.

Kesho mchana fanyeni jaribio hili. Egemezeni kipande cha bati juani juu ya matofali. Likisha pata moto, peleka mkono chini yake, lakini usiliguse. Utasikia joto. Kisha tandazeni jamvi chini ya bati, mkiacha nafasi ya shubiri moja kati yao. Peleka mkono tena, chini ya jamvi. Joto limepungua, sivyo? Jamvi hilo ndilo dari, na ile shubiri ya hewa ndiyo blanketi lake.

Basi dari si pambo la nyumba ya tajiri. Ni chombo chenye kazi, na ili ifanye kazi hiyo yatakiwa mambo manne.

La kwanza: iache nafasi ya hewa chini ya bati. Dari iliyobanwa juu kabisa mpaka ikagusa bati hupokea moto wote.

La pili: iwe ya kitu kisichopitisha joto upesi. Silingi bodi ni nzuri, lakini majamvi, matete, au viroba vilivyofumuliwa na kushonwa pamoja vyafaa pia. Wengine watauliza juu ya maganda ya mpunga, yale yanayorundikana nyuma ya mashine ya kukoboa. Ni kweli, huzuia joto sana. Lakini mwayajua wenyewe: ndiyo mnayochomea matofali. Moto ukiyaingia, hufuka ndani kwa ndani bila kuonekana. Usiyaweke juu ya jiko, wala karibu na waya za umeme.

La tatu: hewa ya moto ipate mlango wa kutokea. Hewa yenye joto hupanda juu. Acheni matundu kwenye kuta za pembeni, juu ya dari, moja kila upande, ili upepo upite.

La nne ni mbu. Hapa sikilizeni sana.

Upenu ni pale paa linapotokeza nje ya ukuta. Chini yake, kati ya ukuta na paa, mara nyingi huachwa mwanya, na mwanya huo ndiyo njia kuu ya mbu wa malaria kuingia usiku. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti walipima hapa Namawala, wakaona mtu mmoja aliweza kuumwa na mbu wenye vimelea vya malaria mamia ya mara kwa mwaka. Kwa hiyo wengine huziba mwanya kwa udongo. Mbu hupungua, lakini joto huzidi. Na chumba kikiwa cha moto, watu hukaa nje mpaka usiku, au huvua chandarua wakitafuta upepo. Mbu akifukuzwa upenuni, hukukuta barazani.

Dawa yake ni wavu wa waya upenuni na katika yale matundu: hewa yapita, mbu hapiti. Kisha fungeni dari mpaka kwenye kuta, pasiwe na mwanya. Mwaka 2009 yalitangazwa matokeo ya majaribio katika nyumba 500 nchini Gambia. Nyumba zilizowekewa dari ya wavu tu ziliingiwa na mbu karibu nusu ya wale walioingia katika nyumba zilizoachwa wazi, na watoto wenye upungufu wa damu walikuwa wachache zaidi. Hata hivyo, chandarua msikiache.

Neno moja kwa wanaopenda kuweka mpunga darini: jamvi halichukui gunia. Kwa mzigo huo hapana budi pawe na boriti imara na mbao. Muulizeni fundi kwanza.

Sasa hesabu. Chumba kina futi 12 kwa futi 12. Jamvi moja ni futi 6 kwa futi 4. Zidisheni: 12 × 12 ni 144. Jamvi ni 6 × 4, yaani 24. Gawanyeni 144 kwa 24. Mmepata majamvi 6. Ongezeni 1 la kupishanisha kingo, yawe 7.

Maswali ya kujibu daftarini:

1. Kwa nini nyumba ya nyasi ina baridi kuliko ya bati?
2. Kwa nini dari isiguse bati?
3. Kuziba upenu kwa udongo kuna faida gani, na hasara gani?
4. Pima chumba chako. Kitahitaji majamvi mangapi?

Swali la 4 lijibiwe nyumbani, mume na mke wakipima pamoja kwa kamba. Kwaherini.