Bisie ipi, ya mwaka gani?

Msikilizaji, umesikia habari za koltani ya Rubaya, huko Masisi, mashariki mwa Kongo. Anayeinunua ng'ambo ana swali moja: ilichimbwa wapi, na siku ile nani alishika mlima?

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa lebo ya plastiki kwenye mfuko, namba inayorejea daftarini. Serikali ya Kongo nayo hupanga machimbo kwa rangi, kuonyesha yapi ni salama kununua: kijani, njano, nyekundu. Lakini waasi wa M23 waliichukua Rubaya mwishoni mwa Aprili 2024, na mwezi wa Desemba wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kuwa koltani yake inavushwa hadi Rwanda na kuchanganywa na ya huko. Lebo haisemi hayo. Na lebo zenyewe zimewahi kuuzwa kimagendo!

Shirika la IPIS la Antwerp limefanya vizuri zaidi, kwa maoni yangu. Ramani zake huweka chimbo, madini, wenye silaha na vizuizi vya barabarani kila kimoja peke yake, kisha huviunganisha. Unaweza kuanzia kwenye kizuizi ukafika kwenye shimo.

Lakini jina la mahali peke yake halitoshi. Tazama Bisie, Walikale. Hadi 2009 ilikuwa mikononi mwa wanajeshi wa brigedi ya 85 ya jeshi la Kongo. Leo jina hilohilo ni la mgodi wa bati wa kampuni ya Alphamin, uliosimama Machi 2025 vita vilipokaribia, ukarudi kazini Aprili. Mashine inayotafuta jina tu, bila tarehe wala aliyeushika mgodi, itakuletea Bisie zote mbili kwa pamoja.