Mbembeo wa Elektroni: Istilahi za Kiswahili na Mstari Mwekundu wa Konde

Mgonjwa wa homa wa Konde, kaskazini mwa Pemba, anapopimwa malaria kwa kipimo cha haraka, tone moja tu la damu yake hutosha. Muda si mrefu, mstari mwekundu hujitokeza. Aghalabu wekundu huo hautokani na damu, bali na dhahabu: chembe zenye upana wa makumi machache ya nanomita, zilizofungamanishwa na kingamwili, hukusanyika pale penye protini ya kimelea.

Dhahabu ya pete ni ya manjano. Hii imekuwaje nyekundu? Michael Faraday aliichunguza rangi hiyo mjini London mwaka 1857, na Gustav Mie akaikokotoa mwaka 1908. Wimbi la mwanga huzisukuma kwa pamoja elektroni huru za chembe kuelekea upande mmja. Chaji chanya zilizobaki huzivuta zirudi. Mwanga wa kijani, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 520 hivi, huafikiana na mwendo huo, nao humezwa, nyekundu husalia. Nenda-rudi moja huchukua chini ya femtosekunde 2, na femtosekunde ni sekunde iliyogawanywa mafungu milioni moja, kisha kila fungu likagawanywa mara bilioni moja. Wataalamu huuchunguza mwendo huo kwa mimweko miwili ya mwanga: wa kwanza husukuma, wa pili hufuatia kupeleleza. Ufundi wa kutengeneza mimweko mifupi zaidi ndio uliowapatia Pierre Agostini, Ferenc Krausz na Anne L'Huillier Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2023.

Je, dhana hii iitweje? Neno la kukopa, plazmoni, huunganisha wanasayansi wa dunia, lakini halimfafanulii mwanafunzi chochote. Mtetemo hudokeza kila elektroni kutikisika peke yake. Mbembeo hufaa zaidi. Mtoto aliyepanda bembea, au pembea kama wasemavyo visiwani, siku ya Sikukuu anajua kwamba msukumo mdogo unaokuja kwa wakati wake hurusha juu kuliko nguvu nyingi zisizo na mpangilio. Fizikia yenyewe imo humo.

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ilitoka mwaka 1990, msingi upo. Hata hivyo, sayansi ya sekondari Zanzibar hufundishwa kwa Kiingereza. Kijana wa Konde huusoma mstari mwekundu kwa macho, ilhali maelezo yake yamefungiwa katika lugha nyingine. Plazmoni ibaki kuwa jina. Mbembeo uwe mlango.