Awamu ya Pili: Adabu za Mwenye Kungoja Jibu la Chuo

(Mada iliyotolewa msikitini Mwimbi, Wilaya ya Kalambo, mkoani Rukwa, mbele ya wazazi na vijana waliomaliza Kidato cha Sita)

 



Tumeombwa tuzungumze juu ya subira, na tumeona tusiizungumze kwa ujumla. Katika miezi hii yapo majumba katika kata yetu ambayo kila simu inapolia watu hunyamaza. Kijana ameomba chuo. Awamu ya kwanza imetangazwa, jina lake halikuonekana, naye ameambiwa angoje awamu ya pili. Hakukataliwa moja kwa moja, wala hakukubaliwa. Yumo mmoja miongoni mwa vijana wetu ambaye tangu siku hiyo hakuonekana tena katika safu ya swala ya Magharibi. Tulipomwendea nyumbani alitwambia maneno machache: "Ustadhi, kila ninayekutana naye ananiuliza, umepata?" Maneno hayo ndiyo yaliyotuleta mbele yenu.

Kwanza tufahamu jambo lenyewe lilivyo, kwani nusu ya dhiki ya mwenye kungoja hutokana na kutojua anangoja nini.

Kuanzia mwaka wa masomo 2010/2011 maombi ya vyuo vikuu vya nchini yalipitia mfumo mmoja wa pamoja uliosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Tangu 2017/2018 utaratibu huo ulibadilika: mwombaji hupeleka maombi katika chuo chenyewe, naye anaweza kuomba vyuo kadhaa. Kila chuo huchagua watu wake, kisha majina hupelekwa TCU kuhakikiwa. Hapo ndipo hudhihiri kwamba yuko aliyechaguliwa na vyuo viwili au vitatu, na yuko mwenziwe ambaye hakuchaguliwa hata na kimoja. Aliyechaguliwa na zaidi ya kimoja hutumiwa namba maalumu ya siri kwa simu, athibitishe chuo kimoja tu ndani ya siku zilizowekwa. Akithibitisha kimoja, nafasi alizoziacha kwingine huwa wazi, na katika awamu ya pili wengine huingia.

Basi na fahamuni, ndugu zetu, kwamba awamu ya pili si jalala la walioshindwa. Kima cha chini cha kuomba shahada ni ufaulu wa masomo mawili wenye jumla ya alama 4.0, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Mwenye D mbili amefika mlangoni. Lakini kufika mlangoni si kuingia, kwa sababu zipo kozi, kama udaktari, zenye masharti ya juu zaidi, na zipo nyingine ambazo waombaji ni wengi kuliko viti. Kijana mwenye sifa kamili anaweza kukosa kiti kwa sababu tu wapo wenye alama za juu zaidi walioomba kozi ileile. Huyo hakufeli. Anayemwita aliyefeli amemdhulumu.

Na hapa ipo haki ambayo wengi hawaifikirii. Wewe uliyechaguliwa na vyuo vitatu, ukakaa na namba yako ya siri mfukoni siku baada ya siku kwa fahari ya kusema "mimi nimechaguliwa kotekote", unazuia nafasi za watu ambao huwajui. Pengine mmoja wao ni mtoto wa mkulima wa Kasanga au wa Laela, anayepanda kilima kila jioni kutafuta mtandao. Shauriana na wazazi wako, swali istikhara, kisha thibitisha upesi. Amana si fedha tu, hata kiti cha chuo usichokihitaji ni amana mikononi mwako. Na tuongeze: istikhara si kungoja ndoto. Ni kumwomba Mola akuelekeze kwenye kheri, kisha ukatenda kwa ulichokipima na kukishauriana.

Ndugu zetu, sisi tunayasema haya hali tumeyaonja. Tulipomaliza masomo ya thanawi tuliomba chuo kimoja cha ng'ambo kinachofundisha kwa Kiarabu. Vyeti vilitafsiriwa, vikagongwa mihuri, tukatafuta tazkia za masheikh, pasi ya kusafiria na cheti cha polisi. Baba yetu aliuza ng'ombe kwa ajili ya gharama hizo. Jibu la kwanza lilisema kwamba ombi letu bado linaangaliwa. Sisi tukalisoma neno "bado" kana kwamba ni neno "ndiyo". Tukawaambia watu kuwa safari imekaribia. Msikiti ukatuchangia nauli. Tukaombwa kufundisha watoto madrasa tukakataa, tukisema mtu hawezi kuanza kazi naye yu njiani. Tukashauriwa kurudia mtihani wa hisabati wa Kidato cha Nne tukaona ni kujishusha.

Mwaka ukapita. Jibu la pili halikuja, na mpaka leo halijaja.

Kilichotuumiza si kukosa chuo. Kilichotuumiza ni siku tuliposimama mbele ya jamaa wale wale waliotuchangia, tukakiri kwamba hatukuwa na barua yoyote mkononi, na tukarudisha fedha zao. Mzee mmoja alikataa kupokea zake. Alituambia, "Zikae, utazihitaji, lakini mara nyingine tuambie ukweli tukuombee kwa ukweli." Mwaka wa pili tulifundisha watoto wadogo herufi, na tukaurudia ule mtihani. Mlango uliofunguka baadaye ulikuwa wa chuo kingine kabisa, na kilichotusaidia siku ya usaili ni yale tuliyoyafanya katika mwaka huo wa kufundisha. Hatusemi kwamba kila anayengoja atapata. Tunasema kwamba ule mwaka wa kwanza tuliupoteza kwa mikono yetu wenyewe.

Mtazameni Nabii Yaaqub (A.S.). Alimngoja Yusuf miaka mingi hata macho yake yakapofuka kwa huzuni, na huzuni hiyo haikuhesabiwa kuwa upungufu wa imani. Lakini huyo huyo aliyekuwa akilia ndiye aliyewatuma wanawe waende wakatafute habari. Alingoja, na huku akitafuta. Subira haikumzuia kulia wala haikumkalisha bure.

Na wazee wa Ufipa mnalijua hili katika mashamba yenu. Katika kilimo cha matuta ya ntumba nyasi hufukiwa chini ya udongo mvua zinapoelekea ukingoni, na msimu unaofuata matuta husambazwa ukapandwa ulezi. Mgeni akipita katikati huona shamba limelala. Mwenye shamba anajua kwamba ndani ya tuta kazi inaendelea.

Basi kijana anayengoja afanye nini? Tutataja mambo manne.

La kwanza, aombe upya, wala asijifungie katika kozi ileile iliyomkosesha. Atazame orodha ya kozi ambazo bado zina nafasi na masharti yake, kisha aoanishe na alama zake. Asidharau chuo kwa kuwa kiko karibu au jina lake halisifiwi vijiweni. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kina kampasi hapa hapa mkoani Rukwa, na Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kiko wazi kwa waombaji. Na ngazi ya stashahada si aibu. Wengi wamepitia huko wakafika shahada.

La pili, asichanganye udahili na mkopo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi Julai 2005, ina dirisha lake na muda wake. Anayesema "nitaomba mkopo nikishapata chuo" huenda akapata chuo dirisha likiwa limefungwa. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA mapema, fomu zipite kwa serikali ya kijiji na kwa wakili au hakimu mapema, na mdhamini aandaliwe mapema. Na kama kijana yuko kambini JKT, mzazi au ndugu anayejua kusoma vizuri akabidhiwe taarifa zake, kwa maana kambini simu si ya kushika kila saa.

La tatu, asitafute njia za giza. Wako matapeli wanaopiga simu na kusema, "Nina mtu wangu ndani, tuma kiasi fulani jina litatoka." Hao huvuna kwa wenye kungoja, kwani mwenye kungoja ni mwepesi kuamini. Na wako wanaompeleka mtoto kwa mganga afungue nyota, au wanaomvisha hirizi ili jina lionekane. Kompyuta ya chuo haisomi hirizi, na Mola haridhii kushirikishwa. Fedha hiyo ingetosha nauli ya kwenda Sumbawanga mjini kuuliza kwa wanaojua.

La nne, ashike kazi. Afundishe madrasa, asaidie shambani, ajifunze kompyuta, arudie somo lililomwangusha. Akiitwa ataondoka akiwa na kitu, na asipoitwa atabaki akiwa na kitu.

Wazazi, nanyi mna haki yenu ya kuambiwa. Tunajua mnavyopima magunia ya mahindi: tuuze sasa kwa bei hii, au tungoje mpaka tujue kama ada inahitajika? Mashaka hayo ni ya kweli, wala hatuna jibu moja kwa kila nyumba. Lakini mashaka hayo yasigeuke maneno ya kumchoma mtoto. Usimwambie, "Mtoto wa fulani ameshapata." Yule hakupata kwa sababu wako amekosa. Na mtoto wa kike asiambiwe kwamba kwa kuwa awamu ya kwanza imempita, basi hiyo ni ishara ya kuolewa. Kuolewa ni kheri, lakini si adhabu ya kuchelewa kwa majina. Mwacheni amalize awamu zake kama mlivyomwacha kaka yake.

Nasi jamaa wa msikiti, tuache swali la "umepata?" Aliyepata atatuambia mwenyewe. Tukikutana na kijana tumuulize, "Tukusaidie nini?" Mwenye simu nzuri amwazime. Mwalimu aliyestaafu amsomee masharti ya kozi. Mwenye gari linalokwenda Matai amchukue. Kuanzia Jumamosi hii, baada ya swala ya Alasiri, sisi tutakaa hapa barazani na kila mwenye kutaka kuomba awamu ya pili, awe wetu au jirani asiyeswali nasi, tutazame pamoja karatasi zake.

Na yule kijana tuliyemtaja mwanzoni, kama sauti hii inamfikia: safu yako ya Magharibi iko wazi, na hakuna atakayekuuliza. Ikiwa jina litatoka tutashukuru pamoja nawe. Ikiwa halitatoka, Jumapili asubuhi kuna watoto thelathini hapa wanaotaka mtu wa kuwafundisha hesabu.

Tunamwomba Allah (S.W.) awafungulie vijana wetu milango yenye kheri nao, awape nguvu wale ambao milango yao imechelewa, na atuepushe sisi na kuwa mzigo juu ya migongo yao.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.